Theobald Smith: Aliyefichua viini vya utumbo wa nguruwe, jina likapewa mkubwa wake

WAFUGAJI wengi wa nguruwe katika maeneo ya Kitale na Bungoma hawajawahi kulisikia jina la Theobald Smith. Hata hivyo, kila mara daktari wa mifugo anapochukua kinyesi cha mwana-nguruwe anayehara na kukipeleka maabara ili ijulikane ni kiini kipi kinachomdhuru, huwa anapita katika njia iliyofyekwa na Mmarekani huyo zaidi ya karne moja iliyopita.

Smith aliaga dunia mwaka 1934, kabla ya ulimwengu kung'amua kwamba siri ya urithi wa viumbe imo ndani ya DNA. Lakini swali lililomsumbua maishani ndilo lile lile linalojibiwa leo kwa mbinu za kijenetiki. Miongoni mwa bakteria wasiohesabika wanaoishi katika utumbo wa mnyama, ni wepi walio wakazi wasio na hatia, na ni wepi wauaji?

Swali hilo si la wasomi pekee. Kwa jamaa nyingi za magharibi mwa Kenya, nguruwe ni akiba inayotembea kwa miguu minne. Ndiye anayeuzwa shule zinapofunguliwa au mgonjwa anapolazwa hospitalini. Wana-nguruwe wanapokufa mmoja baada ya mwingine katika juma la kwanza la uhai wao, mwenye banda hupoteza karo na chakula kwa pamoja.

Theobald Smith alizaliwa Julai 31, 1859 katika mji wa Albany, jimbo la New York. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Ujerumani, na jina la ukoo lilikuwa Schmitt kabla ya kubadilishwa likafuata matamshi ya Kiingereza.

Kijerumani alichokisikia nyumbani tangu utotoni kilikuja kumfaa kuliko urithi wa mali. Wakati huo elimu ya viini vya maradhi ilikuwa ikichipuka Ujerumani chini ya Robert Koch, na maandishi muhimu yalichapishwa katika lugha hiyo. Smith aliweza kuyasoma bila kusubiri mkalimani.

Alikuwa pia hodari wa muziki. Akiwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Cornell, kipaji chake cha kucheza kinanda kilimsaidia kujikimu. Alihitimu mwaka 1881, kisha akasomea udaktari katika chuo cha matibabu cha Albany na kumaliza mwaka 1883.

Kazi ya kutibu wagonjwa haikumvutia. Mwishoni mwa mwaka huo huo wa 1883, akiwa na umri wa miaka 24, aliajiriwa mjini Washington katika idara ya serikali iliyoshughulikia magonjwa ya mifugo. Mkubwa wake alikuwa Daniel Elmer Salmon, daktari wa mifugo ambaye mwaka uliofuata aliteuliwa kuongoza shirika jipya la serikali lililopewa jukumu la afya ya wanyama.

Wakati huo wafugaji wa Marekani walikuwa taabani. Kama ilivyo katika Trans Nzoia, ambako mahindi ndiyo uti wa mgongo wa mkulima, majimbo ya katikati mwa Marekani yalikuza mahindi kwa wingi na kuwalisha nguruwe. Ugonjwa uliojulikana kama kipindupindu cha nguruwe ulizuka mara kwa mara na kufagia mabanda. Wanyama walipata homa, wakahara, wakalegea na kufa.

Smith hakuwa na mwalimu wa kumwelekeza. Alijifunza peke yake mbinu za Koch za kuotesha bakteria na kuwatia rangi ili waonekane kwa hadubini. Mnamo 1885, kutoka katika viungo vya nguruwe waliokufa, alifaulu kumtenga bakteria mmoja mwenye umbo la kijiti. Alimwotesha, akamchunguza, na akaonyesha kwamba anaweza kuwaua wanyama wa maabara.

Ilipofika wakati wa kutangaza matokeo, sifa zilimwendea mwingine. Ripoti zilitoka chini ya mamlaka ya Salmon, na ulimwengu ukafahamu kwamba yeye ndiye mgunduzi. Mwaka 1900 mtaalamu Mfaransa, Joseph Lignières, alipendekeza kundi hilo la bakteria liitwe Salmonella kwa heshima ya Salmon. Jina hilo sasa hutajwa kila mahali watu wanapoonywa juu ya mayai mabichi au nyama isiyoiva, na kijana aliyekesha kwenye hadubini hakumbukwi.

Mwaka 1886 Smith na Salmon walichapisha utafiti mwingine wenye uzito mkubwa. Walichukua bakteria hao wa nguruwe, wakawaua kwa joto, kisha wakawadunga njiwa. Njiwa hao walipopewa baadaye bakteria walio hai kwa kiwango cha kuua, walinusurika. Ilidhihirika hivyo kwamba kiini kilichokufa kinaweza kuufundisha mwili kujikinga, na mwongo mmoja baadaye msingi huo ulitumika kutengeneza chanjo ya homa ya matumbo ya binadamu.

Hata hivyo, ugunduzi wa 1885 ulikuwa na kasoro ambayo haikuonekana mapema. Chanjo zilizotokana na bakteria huyo hazikuwakinga nguruwe dhidi ya kipindupindu chao. Mnamo 1903, Emil de Schweinitz na Marion Dorset wa shirika lile lile walionyesha kwamba damu ya nguruwe mgonjwa, hata baada ya kupitishwa kwenye kichujio kinachozuia bakteria wote, bado iliambukiza. Aliyewaua nguruwe wale alikuwa kirusi.

Bakteria wa Smith alikuwa mdandia safari. Ni kweli anaweza kuwaua nguruwe peke yake, na hadi leo huhesabiwa miongoni mwa maadui wa mnyama huyo, lakini katika janga lile aliingia baada ya kirusi kuubomoa mlango. Somo lililobaki ni kwamba kumkuta kiini ndani ya mgonjwa si ushahidi tosha kwamba ndiye aliyeleta ugonjwa.

Kenya nayo ilichangia ukurasa wake katika somo hilo. Nguruwe walioletwa na walowezi wa Kizungu walianza kufa kwa ugonjwa uliofanana mno na ule wa Marekani na Ulaya. Daktari wa mifugo Robert Eustace Montgomery aliuchunguza na kuchapisha matokeo yake mwaka 1921. Alibainisha kwamba kinga dhidi ya kipindupindu cha nguruwe haikufaa kitu mbele ya maradhi hayo, na kwamba ngiri wa porini walihusika katika kuyahifadhi.

Huo ndio ugonjwa unaoitwa homa ya nguruwe ya Afrika. Ulielezwa kisayansi kwa mara ya kwanza kutoka Kenya, na miaka ya 2006 na 2007 ulizuka tena nchini, magharibi ikiwemo. Hauna tiba.

Ndipo inapoonekana gharama ya kukosea. Mfugaji wa Kimilili au Webuye anayewadunga nguruwe wake dawa za kuua bakteria, ilhali kinachowaua ni kirusi, hutumia fedha bure. Vibaya zaidi, huku akingoja dawa ifanye kazi, ugonjwa huvuka ua na kuingia kwa jirani.

Smith mwenyewe aliendelea kutafuta njia za kutofautisha viini vinavyofanana. Kwenye hadubini, bakteria wa kawaida wa utumbo, yule wa nguruwe na yule wa homa ya matumbo ya binadamu huonekana kama ndugu wa tumbo moja. Wote ni vijiti vidogo, na macho hayawezi kuwatenga.

Alichukua mrija wa kioo uliokunjwa na kuzibwa upande mmoja, kifaa ambacho madaktari walikitumia kupima sukari katika mkojo wa wagonjwa wa kisukari. Ndani yake alitia mchuzi wenye sukari ya aina fulani pamoja na bakteria, kisha akatazama kama gesi itakusanyika juu.

Matokeo yalikuwa wazi. Bakteria wa kawaida wa utumbo, aliyeelezwa na daktari Theodor Escherich mwaka 1885 na ambaye sasa huitwa E. koli, huchachusha sukari ya maziwa na kutoa gesi. Yule wa nguruwe huchachusha sukari nyingine lakini ya maziwa huiacha. Yule wa homa ya matumbo hatoi gesi kamwe. Bakteria ambao sura zao hazikuweza kutofautishwa walijifichua kwa tabia ya kula.

Kifaa hicho kilitumika pia kupima kiasi cha uchafu wa choo katika maji ya mito. Mantiki yake ilikuwa nyepesi: palipo na bakteria wa utumbo, kinyesi kimepita hapo. Mamlaka za maji kote duniani zingali zinafuata mantiki hiyo.

Kazi iliyomletea Smith umaarufu mkubwa zaidi ilihusu ng'ombe. Ng'ombe wa kusini mwa Marekani, wakiwa na afya njema kabisa, walipopelekwa kaskazini waliacha nyuma yao mauti. Ng'ombe wenyeji walishikwa na homa, wakakojoa mkojo mwekundu na kufa. Wafugaji walisema kupe ndio wanaoleta balaa hilo, lakini wasomi wengi waliwacheka.

Smith hakuwacheka. Kuanzia 1889, akishirikiana na daktari wa mifugo Fred Kilborne na mtafiti Cooper Curtice, alifanya majaribio katika shamba lililokuwa nje ya Washington. Katika uwanja mmoja waliwaweka ng'ombe wa kusini wenye kupe pamoja na wenyeji. Katika mwingine waliwang'oa kupe wote kwa mikono kabla ya kuwachanganya ng'ombe. Katika wa tatu waliwamwaga kupe peke yao, bila ng'ombe yeyote wa kusini.

Palipokuwa na kupe, ng'ombe wenyeji waliugua. Palipokosekana kupe, hawakuugua. Smith aliviona viini vya ugonjwa ndani ya chembechembe nyekundu za damu, na ripoti iliyotoka mwaka 1893 ikathibitisha kwamba kupe wachanga walioanguliwa kutoka kwa mayai ya kupe aliyeambukizwa ndio wanaoupitisha. Hii ilikuwa miaka kadhaa kabla ya mbu kuthibitishwa kueneza malaria.

Mfugaji wa Kitale anayewapeleka ng'ombe wake kwenye josho ananufaika na ugunduzi huo. Hata Koch mwenyewe, alipokuwa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1890, aliviona viini katika damu ya ng'ombe wa pwani na kudhani ni vya ugonjwa huo wa Marekani. Baadaye ilibainika kwamba alikuwa amekutana na ndigana kali, maradhi mengine kabisa yanayoenezwa na kupe wa aina nyingine.

Mwaka 1895 Smith aliondoka Washington, akiwa amechoshwa na hali ya kazi chini ya Salmon. Alihamia Massachusetts, akaongoza maabara ya jimbo iliyotengeneza dawa ya dondakoo na chanjo, na kufundisha katika Chuo Kikuu cha Harvard.

Huko alifanya tena kile alichokijua zaidi, yaani kutenganisha mambo yanayofanana. Mnamo 1898 alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe si yule yule wa binadamu. Koch aliuchukua ukweli huo na kuuvuta kupita kiasi. Mwaka 1901 alitangaza jijini London kwamba ugonjwa wa ng'ombe hauwatishi sana watu. Uchunguzi uliofuata ulimkosoa, kwani watoto walikuwa wakiambukizwa kupitia maziwa mabichi.

Mwaka 1915 alikabidhiwa idara mpya ya magonjwa ya wanyama iliyoanzishwa na Taasisi ya Rockefeller karibu na Princeton, New Jersey. Aliiongoza hadi 1929.

Akiwa huko, katika umri ambao wengine hustaafu, alirejea katika suala la kuhara kwa wanyama wachanga. Mwaka 1922, yeye na mwenzake Ralph Little walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa kwa ndama. Baadhi walinyonya dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza baada ya mama kuzaa, na wengine wakanyimwa. Ndama walionyimwa dang'a walikufa kwa wingi, bakteria wa kawaida wa utumbo wakiwa wametapakaa mwilini mwao. Walionyonya walinusurika.

Hapa Smith alikumbana na fumbo ambalo hakulitatua. E. koli aliyekuwa mkazi mpole katika utumbo wa mnyama mmoja aligeuka muuaji katika mwingine. Udhaifu wa mwili ulieleza sehemu tu ya jambo hilo. Je, bakteria wenyewe nao walitofautiana? Mrija wake wa kioo ulitoa jibu lile lile kwa wote, na gesi ilipanda vivyo hivyo.

Smith alitunukiwa medali ya Copley na Jumuiya ya Kifalme ya Uingereza mwaka 1933, ingawa hakupata tuzo ya Nobel. Alifariki jijini New York Desemba 10, 1934, akiwa na umri wa miaka 75.

Miaka 10 baadaye, katika taasisi ile ile ya Rockefeller, Oswald Avery na wenzake walionyesha kwamba DNA ndiyo inayobeba urithi wa bakteria. Mlango aliougonga Smith ukaanza kufunguka.

Mwaka 1961, Frits na Ida Ørskov wa Denmark pamoja na wenzao walieleza alama ya pekee iliyomo katika baadhi ya E. koli wa nguruwe wanaohara. Ilikuja kufahamika kwamba alama hiyo, ambayo sasa huitwa F4, ni vinyweleo vidogo mno ambavyo bakteria huvitumia kujishikiza kwenye ukuta wa utumbo. Asiye navyo husombwa na chakula, na aliye navyo hung'ang'ania na kumwaga sumu.

Jeni za vinyweleo hivyo na za sumu nyingi zimo katika vipande vya mviringo vya DNA vinavyoweza kuhama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine. Hilo ndilo jibu la fumbo la Smith. E. koli mpole na E. koli muuaji wanaweza kuwa sawa kwa umbo na kwa ulaji wa sukari, wakatofautishwa na jeni chache tu.

Mbinu ya PCR, iliyobuniwa na Mmarekani Kary Mullis mwaka 1983, ndiyo iliyorahisisha kazi ya kuzitafuta jeni hizo. Kipande cha DNA kinachosakwa huzidishwa mara mbili katika kila mzunguko wa kupashwa joto na kupozwa. Baada ya mizunguko 30, kipande kimoja huweza kuwa zaidi ya bilioni moja. Kama jeni haimo, hakuna kinachozidishwa.

Kwa njia hiyo, maabara hutafuta kwa mkupuo mmoja jeni za vinyweleo kama F4, F5 na F18, na za sumu zinazosababisha kuhara. Hutafuta pia jeni ya sumu iitwayo Stx2e, ambayo huwafanya nguruwe walioachishwa kunyonya kuvimba kope, kuyumba wanapotembea na kufa ghafla, mara nyingi bila kuhara. Salmonella naye hutambuliwa kwa jeni zake mwenyewe.

Mtindo wa kale haujatupwa. Kabla ya PCR, kinyesi huoteshwa kwanza kwenye sahani yenye sukari ya maziwa. Bakteria wanaoichachusha huota wakiwa na rangi ya waridi, na wasioichachusha, akiwemo Salmonella, hubaki bila rangi hiyo. Ni ule mtihani wa Smith, uliohama kutoka kwenye mrija hadi kwenye sahani.

Tofauti hizo zina maana kwa mfugaji. Ikiwa jeni ya F4 imepatikana, nguruwe jike anaweza kuchanjwa kabla ya kuzaa ili kinga iwafikie watoto kupitia dang'a. Ikiwa hakuna jeni ya ugonjwa, daktari hutazama kwingine, kwenye virusi, vimelea, baridi ya banda au chakula.

Kupuuza vipimo kuna hatari nyingine. Mwaka 2015 wanasayansi nchini China walitangaza kwamba wamegundua mcr-1, jeni inayomwezesha bakteria kuishinda kolistini, mojawapo ya dawa za mwisho za kuokoa wagonjwa mahututi. Waliipata kwa E. koli wa nguruwe pia, na ina uwezo wa kuhama kati ya bakteria. Dawa inayotolewa ovyo bandani inaweza kukosa nguvu wodini.

Mashine za PCR haziko karibu na kila banda. Nguruwe wengi wa Bungoma na viunga vya Kitale hufugwa kwa idadi ndogo, wengine wakifungwa kamba au kuachwa wajitafutie chakula. Safari ya sampuli hadi maabara za Eldoret au Kabete ni ndefu kwa mwenye nguruwe wawili, na duka la dawa ndilo lililo karibu.

Lakini baadhi ya aliyoyathibitisha Smith hayahitaji mashine. Mwana-nguruwe anyonye dang'a katika saa za kwanza za uhai wake. Banda liwe kavu, safi na lenye joto. Anayekufa ghafla asichinjwe wala kuuzwa kabla ya afisa wa mifugo kuarifiwa.

Na bakteria aliyefichuliwa mwaka 1885 angali akiitwa kwa jina la Salmon.